Dalili za Mbwa na Paka Zisizongoja Asubuhi

Haya ni mazungumzo ya daktari wa mifugo wa kaunti ndogo kwa wakazi waliowaleta mbwa na paka wao kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Jua limeanza kuwaka na foleni ni ndefu, kwa hivyo sitawaweka sana. Wahudumu wetu wanaendelea kuchanja pale chini ya mwembe. Nami nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu jambo moja: utajuaje kwamba mnyama wako anahitaji daktari sasa hivi, si kesho, wala si baada ya sokoni?

Kuna watu hudhani ofisi ya mifugo ni ya ng'ombe na mbuzi peke yao. Sivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti huduma za mifugo, na pia kazi ya kuwasimamia wanyama na kulinda maslahi yao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Mbwa anayelinda boma lako na paka anayelinda gunia lako la mahindi wana haki ya kuletwa kwetu.

Maneno ninayoyasikia sana kutoka kwa anayemleta mnyama akiwa amechelewa ni haya: "Daktari, tulisema tumwangalie kwanza." Simlaumu mtu. Kuangalia ni kuzuri, lakini uwe unajua unaangalia nini. Mnyama hana ulimi wa kusema, tena ana tabia ya kuficha maumivu. Paka mgonjwa haliilii. Hujificha chini ya kitanda akanyamaza. Ukingoja alie, utangoja mpaka mwisho.

MJUE AKIWA MZIMA

Huwezi kujua kilichoharibika kama hukijui kilipokuwa sawa. Kwa hivyo jifunze mambo matatu mnyama wako akiwa mzima.

La kwanza ni pumzi. Akiwa amelala, tazama kifua kikipanda na kushuka. Hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Mbwa au paka mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Ukihesabu zaidi ya 40, naye amelala kivulini na hakutoka mbioni, kuna jambo.

La pili ni ufizi. Inua mdomo wa juu uutazame. Ufizi mzima una rangi ya waridi na umelowa. Ubonyeze kwa kidole. Utakuwa mweupe, kisha rangi irudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Mbwa wengine wana ufizi mweusi wa kuzaliwa. Kwa hao, vuta kope la chini la jicho utazame ndani yake.

La tatu ni joto. Mbwa na paka wana joto kuliko sisi, kiasi cha nyuzi 38 hadi 39. Kwa hivyo usimguse masikio ukasema ana homa, wala usitegemee pua kavu. Kipimajoto hutiwa njia ya haja kubwa, taratibu, kikiwa kimepakwa mafuta. Ukikuta nyuzi 40 na zaidi, tafuta daktari.

DALILI ZISIZONGOJA

Sasa nitazitaja dalili ambazo ukiziona, hata kama ni usiku wa manane, unatafuta msaada.

Kupumua kwa shida. Mbwa hutweta ulimi nje baada ya kukimbia. Hilo ni la kawaida. Lakini mbwa aliyenyoosha shingo, ametanua viwiko, tumbo likisukuma kila pumzi, huyo anapigania hewa. Na paka, sikilizeni vizuri: paka aliyetulia nyumbani hapumui kwa mdomo wazi. Ukimwona hivyo, ni dharura. Ufizi au ulimi ukigeuka wa buluu au kijivu, kila dakika ina thamani.

Ufizi mweupe. Mbwa amegongwa na pikipiki, ameinuka, amekimbilia nyumbani, na watu wanasema, "Huyu hana kitu." Muda si muda analala, ufizi umekuwa mweupe kama karatasi. Damu inavuja ndani. Mnyama yeyote aliyegongwa na chombo aonwe na daktari siku hiyo hiyo, hata akitembea. Ufizi huo huo mweupe, au wa manjano, tunauona kwa ugonjwa wa kupe. Mbwa hukataa chakula, hulegea, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Huo unatibika ukiwahiwa. Ukisubiri mpaka ashindwe kusimama, tiba huwa ngumu na ghali.

Damu isiyokoma. Chukua kitambaa safi, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa dakika 5 bila kuinua ili kuchungulia. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake na uondoke kwenda kwa daktari huku ukibonyeza. Usitie majivu, kahawa wala mafuta ya taa.

Paka dume asiyekojoa. Utamwona anaenda kuchutama mara kwa mara, anajikamua, pengine analia, anajilamba sehemu za siri, na hakuna kinachotoka ila tone. Watu hudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kupikia. Kumbe njia ya mkojo imeziba. Mkojo ukizuiliwa, sumu hurudi mwilini, moyo ukavurugika, na paka anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Kwa daktari hutiwa mrija, mkojo ukatoka. Dume anayejikamua bila kukojoa hangoji.

Tumbo lililofura. Hili huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd, ambao wengi wenu mnawafuga kwa ulinzi. Mbwa amekula akashiba, kisha anahangaika, anatafuta kutapika na hakitoki kitu ila mate, na tumbo limekaza kama ngoma. Tumbo linaweza kuwa limejaa hewa na kujizungusha. Hapo tunahesabu saa. Hakuna dawa ya nyumbani. Ni daktari, tena haraka.

Mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu. Wengi huwa na parvo. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili mitatu hupoteza maji yote mwilini, na anaweza kufa kwa siku mbili au tatu tangu dalili zianze. Anahitaji maji ya mshipani. Virusi hivi hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kwa hivyo ukipata msiba huo, usilete mtoto mwingine asiyechanjwa kwenye uwanja huo huo. Chanjo yake huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa mpaka afikishe wiki 16. Chanjo ya leo hapa ni ya kichaa cha mbwa peke yake. Haimkingi na parvo.

SUMU ILIYO NDANI YA NYUMBA

Hapa nitakaa kidogo, maana sumu nyingi tunazotibu mwenye nyumba alizinunua mwenyewe.

Kuna dawa ya panya inayouzwa barabarani ndani ya karatasi isiyo na jina. Mbwa huila moja kwa moja, au paka hula panya aliyeila. Baadhi ya sumu hizi huzuia damu kuganda. Mnyama anaweza kuonekana mzima kwa siku mbili au tatu, kisha akatokwa na damu puani, kwenye ufizi au kwenye choo. Nyingine hushambulia mishipa ya fahamu papo hapo: udenda unamwagika, machozi, anatetemeka, anaharisha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mtu anataka kumwondolea mbwa kupe, anachovya kitambaa kwenye dawa bila kupima, anampaka mwili mzima. Mbaya zaidi ni dawa ya kupe ya mbwa anapopakwa paka. Zipo dawa ambazo mbwa huzistahimili na paka zikamuua. Soma karatasi, ikiwa haikutaja paka, usimpake.

Na kuna Panadol. Mama ameona paka amelegea, kwa huruma anamsagia nusu tembe. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli. Hata kipande kidogo huharibu damu yake, ufizi unageuka wa hudhurungi, uso unavimba, anashindwa kupumua. Usimpe mnyama dawa ya binadamu bila kuambiwa na daktari.

Ukishuku sumu, fanya hivi. Mwondoe karibu na kile kitu. Kama sumu iko kwenye manyoya, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Chukua pakiti, au kilichobaki, au hata matapishi, uje nayo. Kila sumu ina njia yake, na kujua ni ipi hutuokolea muda. Usimtapishe kwa maji ya chumvi. Usimpe maziwa wala mafuta. Mnyama aliyelegea akinyweshwa kwa nguvu, kitu kile huingia kwenye mapafu, ukawa umeongeza ugonjwa wa pili.

JOTO, NYOKA, DEGEDEGE NA UCHUNGU

Sisi watu wa Pwani tunalijua joto, lakini mbwa halimudu kama sisi kwa sababu hatoi jasho mwilini. Ukimfungia ndani ya gari, au ukamfunga kwa mnyororo juani bila maji, mwili unaweza kupanda kupita nyuzi 41. Atatweta bila kukoma, udenda mzito, atapepesuka, ataanguka. Hapa, mpoze kwanza, kisha ndiyo umpeleke. Mtie kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya mfereji, mpepee. Akiweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo. Usimtie kinywani kwa nguvu.

Nyoka nao tunao, bafe na swila. Mbwa huumwa usoni au mguuni kwa sababu ya udadisi wake. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba, usitie jiwe jeusi. Mbebe asitembee, na umpeleke. Ukimwona swila amemtemea machoni, mwoshe macho kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi ukiwa njiani kutafuta usafiri. Na usimfuate nyoka ili umlete. Tutatibu kwa dalili. Sitaki wagonjwa wawili.

Degedege hutisha, lakini mara nyingi hukoma lenyewe. Ondoa viti na vitu vigumu, zima kelele, tazama saa. Usitie kijiko wala mkono mdomoni. Likizidi dakika 5, au likirudi tena ndani ya saa 24, hiyo ni dharura. Na mbwa jike anayenyonyesha akianza kutetemeka na kukakamaa, watenge watoto umlete upesi. Huenda madini ya kalisi yamemwishia kwa sababu ya maziwa.

Kuzaa: mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au zikipita saa 2 kati ya mtoto na mtoto na bado wamo tumboni, au akitokwa na majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, tafuta daktari. Usivute mtoto aliyekwama.

YANAYOWEZA KUNGOJA

Si kila kitu ni dharura, na sitaki mtoke hapa na wasiwasi wa kumkimbiza mnyama kwa kila kikohozi. Mbwa mkubwa aliyetapika mara moja na bado anatikisa mkia, aliyeacha mlo mmoja, anayechechemea lakini anakanyaga, mwenye viroboto au upele, huyo anaweza kungoja ofisi ifunguliwe. Lakini paka aliyegoma kula siku mbili asingoje ya tatu. Na mtoto mchanga, awe wa mbwa au wa paka, akiacha kunyonya au kula kwa nusu siku, mharakishe.

JAMBO LA KUJIHADHARI

Sasa ndugu zangu, nataka mnisikilize hata nyinyi mlio mbali kule. Mbwa ameachama mdomo, taya limelegea, udenda unatiririka, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Mwenye mbwa anasema, "Amekwamwa na mfupa," anatia mkono kooni kuutafuta. Huenda ni mfupa kweli. Lakini hizo ndizo dalili za kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza, na mate yale ndiyo yanayobeba ugonjwa. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia huku na huko akiuma watu. Wengine hulegea na kunyamaza, na mpole mno ndiye anayepapaswa na watoto.

Kwa hivyo mnyama ambaye tabia imebadilika ghafla, mkali aliyekuwa mpole au mpole aliyekuwa mkali, anayeshindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni. Mfungie mahali peke yake ikiwezekana bila kumshika, watoto wakae mbali, ututafute tuje sisi.

Na mtu akiumwa, akikwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, aoshe pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, na amalize sindano zote kwa tarehe atakazopewa. Mbwa au paka aliyeuma, kama yuko hai, asiuawe ovyo. Aripotiwe afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemea. Kinga ndiyo hii mnayoipangia foleni, kwa mbwa na paka wa kuanzia miezi 3, na hurudiwa kila mwaka.

KUMFIKISHA SALAMA

Mnyama mwenye maumivu huuma hata mwenye kumpenda. Mbwa mfunge mdomo kwa kitambaa au kipande cha leso, ila si yule anayetapika au anayepumua kwa shida. Paka mfunike kwa taulo umtie kwenye kikapu chenye kifuniko au kwenye katoni uliyoitoboa matundu. Aliyegongwa mlaze juu ya ubao au blanketi lililokazwa na watu wawili, usimbebe kwa miguu. Kwa bodaboda, pawe na mtu wa nyuma wa kumshika. Na piga simu kabla ya kuondoka. Usiende safari ya saa nzima ukamkuta daktari yuko kijiji kingine anazalisha ng'ombe. Kwa simu anaweza kukuambia la kufanya, au mkutane njiani.

MAANDALIZI NI LEO

Najua aliye Mtwapa na aliye ndani kabisa Ganze hawana umbali mmoja wa daktari. Ndiyo maana nawaomba mjiandae kabla ya siku ya shida. Andikeni namba ya ofisi ya mifugo ya wadi yenu ukutani, na namba ya daktari mmoja wa binafsi. Muulize kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Asikasirike, ni haki yako. Muuzaji wa duka la agroveti anakuuzia dawa; si kila mmoja wao ni daktari. Jueni mapema bodaboda gani wa mtaa atakubali kumbeba mnyama usiku.

Halafu pesa. Sitawaficha, matibabu ya dharura yana gharama, na kuna anayengoja asubuhi kwa sababu hana kitu, si kwa sababu haoni. Chama kinachochangia harusi na matanga kinaweza kutenga kidogo kwa ajili ya mbwa wanaolinda mtaa mzima. Na ukiwa huna, piga simu vile vile. Ushauri wa mapema mara nyingi ni nafuu kuliko sindano ya kuchelewa. Pia ziko siku ambapo daktari atakuambia mnyama hatapona. Hata hapo kumleta si bure, maana tunaweza kumpumzisha bila maumivu. Hiyo nayo ni huduma, na ni bora kuliko kumwacha anateseka nyuma ya nyumba.

Nawaachia watoto kazi ya nyumbani. Leo usiku, mbwa au paka akilala, hesabu pumzi zake, tazama rangi ya ufizi wake, uandike kwenye daftari na umwonyeshe mzazi. Siku mambo yakibadilika, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua.

Wenye maswali nitakuwa hapa hadi saa 8 mchana. Tunzeni vyeti vyenu vya chanjo.